UZI: Mumbai hadi Kochi peke yangu na begi la kilo saba

Jahazi_Bovu:

Wakuu, kwema?

Kwetu ukimwambia mtu unakwenda India, anakuuliza nani mgonjwa. Bi mkubwa wangu alikataa kata kata kuamini kwamba nakwenda kutembea. Niko foleni ya uwanja wa ndege, bado anapiga simu kuuliza kama ni figo au ni moyo, nimfiche yeye mama yangu mzazi? Nilikuwa mzima kabisa. Nilikuwa na likizo ya siku 28 na hamu ya kuishuka pwani ya magharibi ya India kutoka Mumbai mpaka Kochi, peke yangu, kwa treni, mabasi na vivuko. Naandika kwa sababu nilipotafuta maelezo kwa Kiswahili nilikuta habari za hospitali na vyuo tu.

Kwanza msimu, maana ukikosea hapo mengine yote bure. Pwani ile inaishi kwa pepo zilezile zetu. Kusi likishika, kule ndiyo mvua zao kubwa: zinaingia Kerala, jimbo la kusini ilipo Kochi, karibu na tarehe 1 Juni na mpaka Septemba bahari imechafuka. Ukitaka kutembea, fuata kaskazi, Novemba mpaka Februari. Aprili na Mei ni tanuri. Vasco da Gama alitoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498 na rubani aliyepewa palepale, akafika karibu na Kalikuti (Kozhikode ya leo) tarehe 20 Mei, hata mwezi haukutimia. Kurudi akajitia mjuaji, akang'oa nanga Kalikuti mwishoni mwa Agosti upepo ukiwa haujageuka. Aliiona Malindi tena Januari 1499, na mabaharia wake kibao walikuwa wameshakufa kwa kiseyeye. Kwa hiyo akitokea mtu akakwambia nauli ya Julai ni nafuu, mkumbuke huyo.

Mimi nilitua Mumbai katikati ya Januari.

Pili, kosa langu. Nilipanga miji 11 kwa siku 28. Karatasini ilipendeza sana. Siku ya tisa nilikuwa chali kitandani Goa, natapika maji ya kunywa, na hapo ndipo safari yenyewe ilipoanza. Nitafika huko. Mkate unaniita, narudi usiku.

Kambi_Popote:

Nimeweka kambi hapa. Tiririka mkuu.

MchumiMkavu:

Uzi wa safari bila picha ni kama pilau bila nyama. Tuwekee picha tuamini.

Jahazi_Bovu:

@MchumiMkavu picha za wiki ya kwanza zimelala chini ya bahari pamoja na simu. Soma chini utaelewa.

Mumbai naipita haraka, kila mtu ana jamaa aliyefika. Nilikaa siku mbili, nikaenda kuduwaa kwenye kile kituo cha treni kikubwa cha mwaka 1887, nikasukumwa na umati mpaka nikajikuta nje bila kutembea. Asubuhi ya tatu nikapanda kivuko pale Gateway of India kuvuka kwenda Mandwa, kama saa moja hivi, halafu basi mpaka Alibag, halafu basi jingine linaloyumba mpaka Murud.

Murud ni mji mdogo wa minazi na mipopoo. Wahindi wenyewe huja wikiendi, siku za kazi uko peke yako. Nilikwenda kwa ajili ya ngome ya Janjira, iliyokaa katikati ya maji kabisa. Jina lenyewe ni lilelile letu la jazira. Unakodi nafasi kwenye mashua ya tanga kijiji cha Rajapuri, mnajazana kama dagaa, na mkiikaribia ngome huoni mlango. Ukuta mtupu. Unadhani nahodha anawagongesha. Mpaka mmebakiza hatua chache ndipo lango linajitokeza kwenye kona, na ubavuni mwake kuna mnyama wa kuchonga, sijui simba sijui chui, amewakamata tembo kwenye makucha.

Waliokuwa wakiitawala wanaitwa Masidi, watu wenye asili ya Afrika. Marathas walijaribu kuitwaa tena na tena, mfalme wao Shivaji mwenyewe akashindwa, mwanawe Sambhaji akashindwa. Dola lao liliendelea mpaka lilipounganishwa na India mwaka 1948. Ndani kuna mabwawa mawili ya maji baridi, na chumvi imezunguka pande zote. Nilikaa ukingoni mwa bwawa moja nikimtazama kobe, kijana muuza maji akaniuliza kwa ishara natoka wapi. Nikasema Afrika. Akanionyesha ukuta, akanionyesha mimi, akacheka, akanipa chupa kwa bei ya mwenyeji.

Kushuka sasa. Mashua inapanda na kushuka na wimbi, unatakiwa uruke inapopanda. Mimi nikaruka inaposhuka. Mguu ukaingia majini mpaka pajani, simu ikatoka mfuko wa shati. Hata kelele hazikusikika, "tubwi" basi.

Chukueni hili: namba ya tiketi ya treni, namba ya viza, anwani ya gesti, vyote viandikwe pia kwenye kijidaftari. Mimi niliviandika. Ndiyo sababu nilifika Goa.

Mzee_wa_Chuma:

Mkuu umenikumbusha Malik Ambar. Alizaliwa Uhabeshi, akauzwa utumwani, akaishia kuwa ndiye mwenye kauli katika dola la Ahmadnagar huko India mpaka alipofariki mwaka 1626. Vita vyake vya kuvizia viliwatoa jasho majeshi ya Mughal, dola kubwa la kaskazini mwa India. Shuleni hatukufundishwa hata mstari mmoja.

Kambi_Popote:

"Akaruka inaposhuka" 😂😂 Endelea mkuu.

Jahazi_Bovu:

Treni. Hapa nitakaa kidogo.

Kutoka Murud unapanda basi mpaka Roha, ndipo inapoanzia njia ya Konkan. Kilomita 741 mpaka karibu na Mangaluru, ilikamilika mwaka 1998, mahandaki 90 na ushei na madaraja karibu 2,000, kwa sababu milima imeshuka mpaka baharini na mito inawakatiza kila baada ya muda. Unaingia handaki, giza, watoto wanapiga kelele, unatoka, mto mpana na minazi, giza tena. Hivyo mchana kutwa. Keti upande wa kulia ukienda kusini.

Mabehewa yana madaraja mengi. La vitanda lisilo na kiyoyozi wanaliita "sleeper", kwenye tiketi utaona SL. Madirisha yanafunguka na upepo unaingia na vumbi lake. Hilo ndilo langu. Lenye kiyoyozi la vitanda vitatu ni 3A, safi zaidi, ila dirisha ni la kioo kichafu na unaiona pwani kama kupitia kikombe cha chai.

Sasa angalieni herufi. Tiketi ikiandikwa WL, huna kitanda, uko kwenye orodha ya kusubiri. Ikiandikwa RAC, una haki ya kupanda ila kitanda kimoja cha pembeni mtagawana wawili, mmekaa mnatazamana. Mimi niliona RAC nikashangilia nikidhani ni namba ya behewa.

Nikagawana na mzee mmoja mstaafu wa posta. Saa nne usiku taa zinazimwa, watu wanafungua vitanda vya katikati, sisi wawili tumekaa tumekunja miguu kama mabegi. Baada ya muda mzee akavua ndara, akanyosha miguu yake ubavuni kwangu, akapigapiga ubavuni kwake: leta yako. Tukalala hivyo, kichwa huku kichwa kule. Kabla ya hapo alikuwa ameinama chini ya kiti akanionyesha pete za chuma zilizopo pale kwa ajili ya kufungia mizigo. Minyororo inauzwa stesheni. Akanifungia begi langu pamoja na lake kwa kufuli lake, ufunguo akautia mfukoni. Nilijiuliza kama nimeibiwa kwa adabu au nimesaidiwa. Alfajiri aliniamsha kwa kunitikisa kidole gumba cha mguu, begi langu kalipakata.

MchumiMkavu:

Nimesamehe picha. Ila gharama bado hujataja, au unatutega?

Jahazi_Bovu:

@MchumiMkavu siku zile rupia moja ilikuwa kama shilingi 30 za Tanzania. Kitanda kwenye hosteli ya chumba cha watu wengi nililipa kati ya rupia 400 na 800. Treni ya SL ya usiku kucha haikuwahi kufika rupia 500. Chakula cha kushiba mgahawa wa wafanyakazi, wali na mboga tano kwenye sinia au jani la mgomba, unakula hata kwa rupia 100 na wanakuongeza wali mpaka ukatae kwa mikono miwili. Goa karibu na fukwe maarufu usiniulize.

Tatizo ni jinsi ya kulipa. Kule kila mtu analipwa kwa kuskani kwa simu, hata muuza madafu. Mfumo wao unaitwa UPI na siku zile ulikuwa umefungwa kwenye akaunti za benki za kwao. Mimi nilibeba noti, na kila siku nikawa natafuta chenji. Omba noti za 100 na 50 ukitoa pesa. Noti ya 500 mbele ya muuza madafu ni ugomvi.

Na kitu kimoja ambacho hakuna aliyeniambia. Kila nyumba ya wageni inapaswa kuripoti mgeni wa kigeni serikalini ndani ya saa 24, kwa kitu walichokuwa wakikiita Fomu C. Gesti nyingi za bei ya chini hazitaki usumbufu huo, unafika saa mbili usiku unaambiwa vyumba vimejaa huku funguo zimening'inia ukutani. Piga simu kabla, uliza moja kwa moja kama wanapokea wageni wa nje.

Sauti_ya_Gizani:

Mkuu, hizo gesti "zilizojaa" zilikuwa Fomu C kweli, au rangi? Tuambie ukweli, tusije tukajipeleka.

Jahazi_Bovu:

Swali zuri. Jibu ni vyote viwili, na mara nyingine hutajua ni kipi.

Mji mmoja, sitautaja, mwenye gesti aliniona mlangoni akasema "Nigeria no". Nikamwonyesha pasipoti ya Tanzania. Akaisoma, akatikisa kichwa, akasema "same". Ilikuwa usiku. Nilikaa kibarazani kwa fundi cherehani nikipiga simu kwa saa nzima mpaka nikapata pengine. Iliniuma, na nikiandika hapa bado inauma. Kutazamwa utatazamwa, kupigwa picha utapigwa, wengine wanaomba, wengine wanakupiga tu kama twiga. Kerala hali ilikuwa nyepesi zaidi kwangu, labda kwa sababu wengi wana ndugu aliyefanya kazi Ghuba na wamezoea sura za watu. Siyo sababu ya kutokwenda. Ila kitanda cha usiku wa kwanza wa kila mji kiwe kimethibitishwa.

Haya, Goa. Nilifika nimechoka, usiku wa RAC huo, na badala ya kulala nikaenda Old Goa kutazama makanisa ya Wareno saa sita mchana. Kanisa la Bom Jesus lina mwili wa Francis Xavier, yule padri mmisionari aliyepita Malindi mwaka 1542 akielekea huko. Nikatoka pale nikaamua kutembea kwa miguu kurudi Panaji, mji mkuu wa Goa, kando ya mto, kilomita kumi hivi, kofia imebaki gesti. Jua la pwani nalijua toka utotoni, ndiyo kiburi chenyewe. Kwetu saa saba mchana sitembei kilomita kumi na begi, nakaa kivulini kama mtu mwenye akili. Ugenini akili hiyo nikaiacha uwanja wa ndege.

Jioni kichwa kinagonga, jasho limekata, miguu inakaza. Mwenye hosteli akaleta pakiti za ORS, pakiti moja kwa lita moja ya maji, nikanywa kidogo kidogo usiku kucha. Siku mbili sikutoka. Juu ya hayo mapaja yalikuwa yamechubuka kwa jasho na jinzi, na vidole vya miguu vimeanza fangasi. Wanaume hatuandiki haya. Beba poda, suruali nyepesi, ndara, na kila ukioga jifute mpaka katikati ya vidole.

Siku ya tatu nilitoa karatasi ya miji 11 nikakata saba. Zikabaki Gokarna, Kannur, Kozhikode na Kochi. Tangu hapo nilisafiri alfajiri au usiku, saa tano asubuhi mpaka saa kumi jioni nimelala au nimekaa mahali pana feni. Ukiitazama miji yenyewe, nayo inafanya hivyohivyo. Mchana Kozhikode maduka mengi ya mji mkongwe yamefunga nusu, watu wamelala; Alasiri ndipo vibaraza vinajaa. Nilikuwa nimepoteza wiki nzima nikiitembelea miji ikiwa imelala.

BintiKaskazi:

Kaka, hongera kwa kusema habari ya mapaja. Niongeze upande wetu akina dada, mimi nilikwenda Kochi na Varkala peke yangu, wiki mbili.

Kwenye treni chagua kitanda cha juu kabisa. Ni karibu na feni, na hakuna anayeweza kujifanya amekaa kidogo miguuni kwako. Kibaya chake huwezi kukaa wima, unalala tu kama muhogo kwenye gunia. Kanga mbili zilinifanyia kila kitu: shuka, pazia, taulo, kujifunika kifua nikipita sokoni. Wakiuliza kama nimeolewa, nimeolewa, mume yuko hotelini anaumwa tumbo. Siku zote anaumwa tumbo, maskini.

La muhimu zaidi ni bahari. Sisi watu wa pwani ya miamba ya matumbawe tumezoea maji yanayokatwa nguvu kule mbali. Varkala na fukwe nyingi za huko ziko wazi, wimbi linakuja na nguvu zake zote, na maji yanaporudi yanachimba njia moja kama mto na kukuvuta nje. Kutoka juu ya jabali unaiona: mahali ambapo mawimbi hayavunjiki, maji yametulia na rangi imekoza. Watu wanadhani hapo ndipo salama. Nilivutwa hapo hapo. Nilipoacha kupigana na maji na kuogelea sambamba na ufukwe, hatua kama arobaini, nguvu ikaniachia, nikarudi na wimbi. Bendera nyekundu ikiwa juu usiguse maji, na mlinzi akipiga filimbi ni wewe anayekupigia.

Kambi_Popote:

Mume anayeumwa tumbo siku zote 😂 Dada pole na hongera. Jahazi, malizia Kozhikode.

Jahazi_Bovu:

@BintiKaskazi asante sana dada, mimi Gokarna niliogelea hapo palipotulia. Nadhani niliponea tundu la sindano.

Kozhikode ndiyo Kalikuti ya vitabu. Nilikaa siku saba na ningekaa nyingine. Mtaa wa Kuttichira una bwawa kubwa katikati, na kando yake msikiti wa mbao wa ghorofa kadhaa, hauna mnara, paa limeshuka kama la nyumba. Wanauita Mishkal. Wareno waliuchoma moto mwaka 1510, ukatengenezwa tena. Aliyeujenga alikuwa mfanyabiashara mwenye meli, na jina lake wanalitaja Nakhuda Mithqal. Mzee aliyekuwa akitawadha pembeni yangu alinieleza kwa Kiingereza cha kuokoteza: nakhuda, mtu wa meli. Nikamwambia nahodha. Akasema nakhuda. Nahodha. Tukaitana hivyo mpaka adhana ikatukatiza.

Kesho yake nikapanda basi kwenda Beypore, kama kilomita kumi kusini, mahali wanapounda majahazi makubwa wanayoyaita uru. Wateja wao siku hizi ni matajiri wa Ghuba. Lilikuwapo moja kwenye banda la makuti, kubwa kama nyumba ya ghorofa mbili, mkuku umekaa juu ya magogo. Hakuna karatasi ya ramani ya chombo; fundi mkuu ana vipimo kichwani. Nilimtazama mmoja akisukumia pamba kati ya mbao kwa patasi butu na nyundo ya mti, ubao kwa ubao, kisha anapitisha kidole kuhakiki. Kalafati. Babu yangu alifanya kazi hiyohiyo na alikuwa na sauti ileile ya nyundo, "tok, tok-tok", pigo moja la kuweka na mawili ya kukaza. Nilisimama pale mpaka wakaniletea kiti, chai ya rangi yenye ndimu wanayoiita sulaimani, na sahani ya muhogo wa kuchemsha na mchuzi wa samaki wenye pilipili za kukutoa machozi. Muhogo wenyewe wanauita kappa. Nilisema ni chakula cha kwetu, wakakataa katakata, ni chao.

Kochi nilifika na siku tano tu. Zile nyavu za Kichina za kuinuliwa na mizani ya mawe ni nzuri kuzitazama alfajiri, mchana ni mtego wa watalii. Kaburi la kwanza la Vasco da Gama liko kanisa la St Francis. Alifia pale Desemba 1524, mwaka 1539 wakayachukua mabaki yake kwenda Ureno. Panda kivuko cha serikali kati ya Ernakulam na Fort Kochi, hakifiki rupia 10, keti mbele. Mengine yote ya Kochi utayakuta kwenye kila simu.

Sauti_ya_Gizani:

Mkuu nimeshawishika, viza ya mtandaoni imetoka, tiketi ni Jumamosi. Chanjo ya homa ya manjano nimechoma juzi. Kuna kingine?

Jahazi_Bovu:

Juzi?? Ndugu yangu, ile kadi inaanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano. Wale hawana mchezo na mtu anayetokea ukanda wenye homa ya manjano, ukifika kabla ya siku kutimia wanaweza kukuweka karantini mpaka siku sita. Wapigie watu wa tiketi leo hii, kabla hawajafunga, usogeze safari mbele. Halafu rudi hapa nikupe namba ya yule mzee wa kufuli wa kwenye treni. Natania, minyororo utaikuta mlangoni mwa stesheni.

Sauti_ya_Gizani:

Nipo kwenye simu nao sasa hivi. Wamenipigisha muziki dakika ya kumi na mbili.